Mnyoo aliyekataa kutoka

Alikuwa wa rangi ya chungwa, na mara ya tano hakutoka tena.

Nilikuwa nimepiga magoti mchangani, mita 7 chini ya maji, upande wa kisiwa cha Bawe, Zanzibar, mbele ya jiwe la matumbawe linalokaribia ukubwa wa gari dogo. Juu yake walikuwa wamechanua minyoo kama ishirini hivi: wa bluu, wa manjano, weupe wenye madoa, na yeye. Kamera mkono wa kushoto, taa imewaka, kidole cha kulia kimenyooka. Napunga kidole, huyo, kaingia. Nangoja. Anachungulia, anajikunjua taratibu, anachanua tena. Napunga. Kaingia.

Mara nne hivyo. Ya tano nikapunga kwa nguvu zaidi, maana nilitaka yule wa bluu aliye jirani yake aingie naye kwa pamoja, video ipendeze. Wakaingia wote wawili. Wa bluu akatoka baada ya dakika moja na kitu. Wa chungwa, kimya. Nilingoja mpaka geji ya mtungi ikaniambia nipande, na wakati napanda tundu lake lilikuwa bado limezibwa na kile kifuniko chake kidogo, kama duka saa ya sala ya Ijumaa.

Sikulifikiria sana siku ile. Nilikuwa nimeshapata nilichokifuata.

## Sekunde 11

Nilikata kila kitu nikabakisha sekunde 11. Kidole, kupotea, kuchanua, kidole, kupotea wawili kwa mpigo. Nikaiweka mtandaoni usiku uleule, kwenye foleni ya urojo, na mpaka bakuli linanifikia simu ilikuwa haitulii.

Video ile imetazamwa kuliko kazi yangu yote ya miaka mitatu ukiijumlisha. Nyumba za kasa, papa nyangumi wa Mafia, pomboo, vyote vikae pembeni. "Subhanallah." "Hili ni ua au mdudu?" "Rudia hapo mwisho." Shangazi yangu wa Muscat alinitumia mwenyewe, kwenye kundi la ukoo, bila kujua kuwa kidole kile ni cha mtoto wa kaka yake.

Nilifurahi. Siwezi kusema sikufurahi.

Wiki ya pili furaha ikaanza kuniwasha. Nilikuwa naisoma tena ile foleni ya maoni nikagundua jambo: watu wote wale wamemwona mnyoo akikimbia. Hakuna hata mmoja aliyemwona mnyoo.

Nikafungua diski yangu. Nina vipande 64 vya wanyama hawa, nimevihesabu. Nikatafuta kimoja tu ambacho mnyoo anafanya jambo lingine lisilokuwa kuingia au kutoka. Sikukipata. Miaka mitatu ya kuzamia, mafuta ya boti, betri, lenzi niliyoinunua kwa mkopo, na nilichokirekodi chote ni jinsi kiumbe kimoja kinavyonikwepa.

## Brashi ya chupa

Wageni humwita mnyoo wa mti wa Krismasi, kwa sababu ya zile pindo mbili zinazopanda kwa mzunguko mpaka kwenye ncha. Mie kwetu hatuna mti huo, naona brashi mbili za kuoshea chupa za mtoto. Mama yangu alipoona picha aliuliza jina, nikamwambia minyoo. Akanitazama. "Minyoo? Na wewe unatoka nyumbani alfajiri kwenda kuitafuta?" Neno lenyewe limeshaharibiwa na vidonge vya shuleni.

Wataalamu humwita Spirobranchus. Aliye kwenye bahari yetu ni Spirobranchus corniculatus, aliyeelezwa kitaalamu mara ya kwanza na Grube mwaka 1862. Ndugu yake wa Karibi, Spirobranchus giganteus, alielezwa na Pallas mwaka 1766, na kwa muda mrefu watu waliwafanya wote kuwa mmoja.

Hizo brashi si mnyoo mzima. Ni kichwani kwake tu: ndiyo mapafu yake na ndiyo nyavu yake ya kulia. Mwili wenyewe umo ndani ya mrija wa chokaa alioujenga mwenyewe, umezama kwenye jiwe. Akiwa bado kiluwiluwi hutua juu ya tumbawe hai, huanza mrija wake, na tumbawe nalo hukua kumzunguka, mwaka baada ya mwaka, mpaka nyumba inakuwa ndani ya nyumba. Hahami. Akitolewa kwenye mrija hana pa kwenda tena.

Mwaka 1996 watafiti wa Japani walihesabu pete za ukuaji wa tumbawe, kama unavyohesabu pete za mti, ili wajue minyoo waliomo ndani wana umri gani. Wengi walikuwa na miaka 10 mpaka 20. Wakubwa walipita 40.

Mie nina miaka 34.

Niliposoma hivyo nilirudi kwenye video na kuusimamisha mkono wangu karibu na yule wa chungwa. Kwa upana wa brashi zake hakuwa mtoto. Ikiwa ni mmoja wa wale wazee, basi alikuwa jiweni pale mwaka 1998 maji yalipopata moto na matumbawe ya upande huu wa Bahari ya Hindi yakageuka meupe. Alikuwa pale nilipokuwa najifunza kuogelea kwa dumu tupu kifuani.

Na si kwamba kazi yake ni kujificha tu. Huko Australia, mwaka 1986, mtafiti DeVantier na wenzake waliandika jinsi kiti cha pweza, yaani nyota ya bahari, yule wa miiba, mla matumbawe, anavyolitafuna jiwe lakini huacha viraka hai kuwazunguka minyoo hawa. Brashi zile zile ambazo mie nazitisha kwa kidole huisukuma miguu ya yule adui. Kwa kidole changu anaingia. Kwa anayekula nyumba yake anabaki mlangoni.

## Hodi tatu

Nahodha wetu ni mtu mzima, amevua pweza na changu kwenye miamba hii kabla hajaanza kubeba wazamiaji. Hazamii. Lakini aliiona video, mjukuu wake alimwonyesha.

Asubuhi moja tunatoka, injini inakohoa, akaniuliza bila kunigeukia.

"Mwanangu, kule chini wewe unakwenda kumtazama au kumtekenya?"

"Kumtazama, mzee."

"Hodi ni tatu," akasema. "Ya tatu hujaitikiwa, unarudi kwenu."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaendelea kumwaga maji ya chini ya boti kwa kopo.

Nilijitetea kichwani njia nzima. Hawa wanazoea, nilijiambia. Ni kweli: ukimpitishia mnyoo kivuli kilekile mara kwa mara na kisimdhuru, wengi hupunguza kushtuka. Lakini pia nilishasoma kazi ya watafiti Dill na Fraser ya mwaka 1997 juu ya Serpula, ndugu wa karibu wa hawa wangu, na kule kujificha kumeelezwa kama hesabu ya biashara. Ndani kuna usalama, lakini ndani hakuna mlo, na pumzi ni ya shida, maana kilichokunjwa ni mapafu na nyavu kwa pamoja. Kila dakika anayokaa ndani anailipa. Kwa hiyo anayekataa kutoka si mjinga aliyesahau. Amepima hatari ya nje akaona ni afadhali njaa.

Hatari ya nje nilikuwa mie, na kidole.

## Kivuli changu

Basi nikajipa kazi ya kumtazama bila kubisha. Nilidhani ni suala la ustadi tu.

Kwenye zile brashi ana macho, madogo na mengi, yasiyoona picha kama tunavyoona sisi. Kazi yake ni moja kubwa: kung'amua kuwa mwanga umepungua. Kivuli. Juu ya hapo anahisi mtikisiko wa maji. Na mishipa inayobeba habari hiyo ni minene ajabu. Jamaa yake mmoja, Myxicola, ana mshipa wa fahamu unaokaribia unene wa milimita moja, mpaka wanasayansi wameutumia kujifunza jinsi mishipa inavyofanya kazi. Kabla hujajua kuwa umesogea, yeye ameshaingia.

Nikaanza kufika jua likiwa mbele yangu ili kivuli kianguke nyuma. Nikatambaa. Nikaacha mapezi mbali. Nikagundua kuwa Mwenyezi Mungu hajaumba kitu chenye makelele kama mapovu ya mzamiaji, nikaanza kutoa pumzi kidogo kidogo, nikifika kwenye fremu nzuri naibana. (Kubana pumzi na mtungi mgongoni ni kosa la kwanza tunalowakataza wanafunzi. Nilifanya. Msifanye.)

Baada ya wiki tatu na mizamio saba nilipata dakika nne za yule wa bluu. Amechanua mpaka mwisho, kila unyoya mahali pake, hajashtuka hata mara moja. Nilipanda juu nikipiga ngumi hewani.

Usiku, kwenye skrini kubwa, nikaona kitu ambacho kwenye kioo kidogo cha kamera sikukiona. Nyuma yake, kwa ukungu kidogo maana lenzi haikulenga huko, jiwe lilikuwa na matundu kumi na mawili. Yote yamefungwa. Mtaa mzima ulikuwa umejifungia ndani kwa sababu yangu, na mie nimemchukua mkazi mmoja aliyebaki nje nikasema, angalieni maisha ya mtaani.

Hapo ndipo nilipoacha kuamini ustadi.

## Chungwa ni la betri

Kuna na hili la rangi, ambalo halikuwa kwenye hesabu yangu.

Maji hula mwanga mwekundu kwanza, kisha wa chungwa. Mita 7 tu, bila taa, wekundu umeshakwenda. Wazamiaji wote tunalijua, tunafundishwa siku ya pili ya kozi. Lakini kulijua si kulitia akilini. Siku moja taa ilinizimikia, nikawatazama wengine waliokuwa wekundu dakika iliyopita, nikaona vitu vya kahawia na kijivu cha bluu, vizuri kwa namna yake, vimetulia, kama nguo zilizoanikwa magharibi.

Rangi ile ya chungwa niliyoisifu, watu wakaweka mioyo chini yake, nimeipeleka mie kule chini. Kwenye jua la kule si hivyo alivyo. Sisemi rangi ni ya uongo, iko kwenye ngozi yake. Ila jiwe lile halijawahi kuiona mpaka mtu ameshuka na taa.

Nilikaa na wazo hilo siku nzima na halikunipa amani. Nilipokuwa nafunga mzigo wa safari iliyofuata, taa niliiacha mezani.

## Dakika 70

Nilingoja maji mafu ili mkondo usiisumbue kamera. Nikafunga chubwi tatu za risasi kwenye kigoda cha miguu mitatu, nikakiweka mchangani, si juu ya tumbawe, lenzi ikitazama mtaa mzima pamoja na tundu la chungwa. Nikabonyeza. Nikaondoka.

Nahodha hakuelewa kwa nini nimerudi mapema. Nikamweleza. Akamimina kahawa, akanipa kashata, tukakaa tunaelea. Alilalamika bei ya mafuta, kisha akalala. Sijawahi kufanya kazi ya kamera kwa uvivu kiasi kile.

Sasa niwaambie kilichomo kwenye dakika zile, ingawa najua wengi mtachoka.

Dakika sita za mwanzo hamna kitu. Matundu na mchanga unaotua. Dakika ya saba, kifuniko cha kwanza kinasogea. Hakifunguki kama mlango. Kinapanda, kimebebwa na mwenyewe, na nyuma yake brashi mbili zimejikunja kama mwavuli mbichi. Zinasimama hapo, nusu. Halafu zinajikunjua kutoka chini kwenda juu. Mpaka dakika ya kumi wote wako nje, isipokuwa mmoja.

Mawimbi ya juu yanatandaza nuru na vivuli juu ya jiwe, vinapita juu yao mfululizo, hawajali. Kundi la samaki wadogo linapita, kivuli chake kinawafunika wote, hawajali. Anakuja pono, anakwangua jiwe kwa mdomo, ile krr yake inasikika mpaka kwenye kipaza sauti cha kamera. Watatu walio karibu na mdomo wake wanaingia. Wa nne, umbali wa kiganja, habanduki. Wanajua tofauti. Kivuli cha pono aliye na shughuli zake si kivuli cha mtu aliyewafuata wao.

Dakika ya 26, kile nilichokirudisha nyuma mara sita. Kutoka kwenye mdomo wa mrija wa yule mweupe mwenye madoa kinapanda kipunje cheusi, kidogo kuliko mbegu ya ufuta, kinafika juu, mkondo unakichukua. Ni choo. Fikiria nyumba yenye mlango mmoja, kitanda kiko mlangoni na choo kiko mwisho wa ukumbi: uchafu lazima urudi ulikotokea wewe. Mwilini mwake ana mfereji wenye vijinywele vinavyousukuma uchafu kutoka chini mpaka mlangoni, ukatupwe nje. Nilishasoma habari hiyo. Kuiona ikitokea, na hakuna mtu pale, kulinifanya nikae kitako.

Baada ya hapo ni kula. Mtu asiyejua atasema hawafanyi chochote. Vijinywele vinavuta maji, punje zinashikwa, zinateremshwa kwenye vijia vya manyoya mpaka kinywani, na kwa kamera yangu huoni hata kimoja cha hayo. Unaona brashi za kahawia zinazotikisika kidogo. Dakika kumi. Dakika kumi nyingine.

Dakika ya 38, kwenye tundu la chungwa, kitu kikasogea.

Nilisogeza uso kwenye skrini. Nilikuwa nangoja kifuniko.

Vilikuwa macho mawili. Kisamaki chembamba, kichwa chake kimeenea sawasawa kwenye mdomo wa mrija, kinatazama kushoto, kulia, kinaruka kudaka kitu, kinarudi kinyumenyume. Wapo samaki wadogo ambao huhamia kwenye mirija ya minyoo, lakini huhamia nyumba ikishakuwa tupu.

## Kwa nani

Sikusema kwamba kidole kimemuua. Kidole hakiui. Kuna samaki wanaonyofoa brashi hizo, kuna maradhi, kuna uzee. Kati ya siku ile na kamera ile zilikuwa zimepita wiki saba na mengi huweza kutokea kwenye wiki saba. Nimeyapanga maelezo hayo yote kwa mstari na kila moja linaniachia huru.

Ila aliyebisha hodi mara tano ni mie, na sikuwepo kuona mengine.

Wiki ile nilikuwa na harusi Kizimkazi. Mchana nikapita kwenye msikiti wa Dimbani, ule wenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijra, ambao ni 1107. Mafundi wa pwani walikuwa wakikata matumbawe ya Porites baharini yakiwa bado mabichi na laini, wakayachonga kabla hayajakauka na kuwa jiwe. Ni jamii ileile ya tumbawe ambamo minyoo wangu hupenda kuishi. Tangu hapo, kila ukuta wa zamani nikiupita natafuta tundu la mviringo. Nimeyaona mengi. Chaza watoboa mawe nao huacha matundu, kwa hiyo siwezi kuapa la nani ni lipi. Moja, kwenye ukuta wa uchochoro karibu na kwetu, lina ukingo mweupe wa chokaa kama mrija. Nilitia kidole. Kikaingia mpaka kwenye kiungo cha kwanza, kisha nikajiona ninachofanya nikakitoa.

## Mikono nyuma

Ile video ya dakika 70 niliiweka mtandaoni nzima, bila muziki. Watu mia na kidogo. Mtoto wa dada yangu, wa miaka saba, ndiye aliyeitazama mpaka mwisho, labda kwa sababu alikuwa na homa na simu nyingine ilikuwa chaji.

"Mjomba, yule samaki akitoka, mwenyewe atarudi?"

Nikamwambia hawahami.

"Basi wale wengine wanamjua?"

Ya sekunde 11 bado ipo. Nilishaigusa mara mbili niifute. Lakini wageni wanaokuja wakiwa na ile video kwenye simu, wakimwonyesha nahodha na kusema "hapa, tupeleke hapa", ndio waliomsaidia kununua injini. Hakuniambia niiache, wala hakuniambia niifute. Ninachojua ni kwamba mwezi uliopita, siku ya Jumapili, nilikuta boti mbili nyingine juu ya jiwe lile, na chini yake mduara wa watu, kila mmoja na kidole chake.

Ijumaa baada ya sala nina wageni wanne, na maji yanakuwa mafu. Nimewaambia taa zibaki botini, tutakaa mita tatu kutoka kwenye jiwe, na mikono nyuma. Mmoja ameniuliza kama kwa umbali huo wataona kitu.

Nimemjibu aje na subira, na ashibe kabla ya kuja.